Mwalimu Mkuu na Chaki

Nchini Tanzania kiongozi wa shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu, ilhali mwenzake wa sekondari huitwa mkuu wa shule, jina ambalo ualimu umekwisha kudondoka ndani yake. Kiingereza cha Marekani kilipita njia hiyohiyo katika karne ya 19: mwalimu mmoja alipewa ukuu huku akiendelea kufundisha, kisha neno la ukuu likabaki, la ualimu likaachwa, na mwenye cheo akahamia ofisini. Kwa hiyo, anayedai kwamba wasimamizi wa shule warudi darasani anadai jambo la kale kuliko ofisi zenyewe.

Hoja yenye uzito zaidi inahusu ukaguzi wa kazi za walimu. Mwalimu mkuu hupitia na kutia saini azimio la kazi, yaani mpangilio wa mada za muhula au mwaka, pamoja na maandalio ya somo, ambayo ni mpango wa kipindi kimoja. Lakini asiyeyaandika mwenyewe kwa miaka mingi huishia kukagua tarehe na mwandiko, kwa kuwa hajui tena ni mada gani inayokataa kuingia katika dakika 40.

Kikwazo ni muda. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, ruzuku hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi hana mhasibu, hutunza vitabu vya fedha, husimamia ujenzi na huitwa vikaoni katani na katika halmashauri, huku kipindi chake kikibaki jina tu kwenye ratiba. Ufaransa imeandika wajibu na nafuu kwa pamoja: mkurugenzi wa shule ya msingi ni mwalimu anayepunguziwa muda wa kufundisha kwa kadiri ya idadi ya madarasa, hata katika shule kubwa akaachiwa kabisa, na sheria ya Desemba 2021 ilimwongezea mamlaka ya kiutendaji bila kumfanya bosi wa walimu wenzake.

Pasipo nafuu ya namna hiyo, agizo la kufundisha huwaumiza wanafunzi kwanza. Penye nafuu, somo moja katika darasa lisilo la mtihani wa taifa lingetosha, tena likipangwa kipindi cha kwanza asubuhi, kabla simu za halmashauri hazijaanza kuita.