Maoni Baada ya Habari: Marehemu Aliyekuwa Hai

Mwaka 1982 mahakama nchini Uganda ilimhukumu Edmary Mpagi kunyongwa hadi kufa kwa kosa la kumuua mwanamume mmoja. Mwanamume huyo alikuwa hai. Hata hivyo Mpagi alikaa katika gereza la Luzira hadi mwaka 2000, yaani zaidi ya miaka 18 kizuizini. Ndugu yake waliyeshtakiwa pamoja alifia gerezani.

Wasikilizaji walio katika jeshi na polisi hapa Rwanda hawana budi kuitafakari kesi hiyo ya nchi jirani. Shtaka la mauaji lina nguzo mbili: kwanza, kwamba mtu amekufa, pili, kwamba mshtakiwa ndiye aliyemuua kwa kukusudia. Katika kesi ya Mpagi nguzo ya kwanza haikuwapo, na bado hukumu ilisimama juu ya maneno ya mashahidi.

Kwa nini ukweli ulichelewa kiasi hicho? Ni kwa sababu mahakama ya rufaa kwa kawaida huchunguza yaliyokwisha kuandikwa. Uongo ulioingia katika jalada siku ya kwanza hupanda ngazi pamoja na jalada hilo. Mwishowe Mpagi alitoka kwa msamaha wa Rais, na msamaha, kwa maana yake, hupewa aliyekosa.

Tena alitoka kwa bahati. Mwezi Aprili 1999 watu 28 walinyongwa Luzira, naye akiwa angali humo akisubiri zamu yake. Kama angeitwa siku ile, msamaha wa mwaka uliofuata ungemkuta kaburini.

Rwanda iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2018 inaruhusu hata hukumu ya mwisho ipitiwe upya endapo ina dhuluma. Hiyo ni milango muhimu. Lakini hakuna mlango unaomrudishia mtu ujana wake.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli huanza kwa yule anayefika wa kwanza. Askari wa doria akikuta umati unamtaja muuaji, wajibu wake ni kulinda mahali pa tukio, kuandika aliyoyaona mbali na aliyoyasikia, na kumkabidhi mtuhumiwa salama kwa Idara ya Upelelezi, RIB. Mpelelezi naye hana budi kuuliza: maiti iko wapi? Nani aliyeitambua? Mashahidi wana ugomvi gani na mtuhumiwa? Ushahidi unaomwondolea mtu hatia nao uandikwe, wala ungamo lisitafutwe kwa kipigo.

Katiba yetu yasema kila mtu huhesabiwa hana hatia mpaka mahakama ithibitishe vinginevyo. Maneno hayo hayamlengi hakimu peke yake. Yanamhusu pia askari mwenye pingu mkononi.