Dhana ya Kuporomoka kwa Muziki wa Kizazi Kipya Jijini Dar es Salaam: Suala la Lugha au la Ala?

1.0 Utangulizi

Jioni za mwisho wa juma, katika vitongoji vya Dar es Salaam kama vile Segerea, Tabata, Kinondoni na Temeke, mpita njia huweza kusikia miziki ya vizazi vitatu kabla hajafika kwake. Katika baa moja hupigwa zilipendwa za Mlimani Park na JUWATA. Ndani ya daladala husikika Bongo Fleva. Na palipofungwa turubai la sherehe hutawala singeli. Aghalabu wasikilizaji wenye umri mkubwa hutoa hukumu moja: muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe na Kiswahili fasaha, wa sasa ni kelele na lugha chafu. Makala haya yanaichunguza hukumu hiyo kwa kutazama zaidi upande wa lugha, kwa kuwa ndiko lawama nyingi zinakoelekezwa. Yanadai kwamba kipo kilichopungua, ila hakipo katika lugha.

Ifahamike kwanza kwamba malalamiko ya namna hii si mapya. Mnamo Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani uliupiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ulikuwa ukiwapotosha vijana. Vijana wa wakati ule ndio baadhi ya wazee wanaolalamika leo.

2.0 Nani Aliyechuja?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Redio hiyo ndiyo iliyorekodi bendi katika studio yake, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurushwa hewani. Njia nyingine zilikuwa chache. Kampuni ya Filamu Tanzania ilirekodi bendi, lakini santuri zenyewe zilichapwa Kenya, na mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa mwaka 1977. Wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa wa taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC).

Kwa hiyo nyimbo tunazoziita zilipendwa zimepita katika machujio mawili: la wakaguzi na la wakati. Jina lenyewe linakiri jambo hilo, maana zilizosahaulika hazikupata kuitwa zilipendwa. Anayezilinganisha na kila wimbo uliotoka wiki hii analinganisha mchele uliopepetwa na mpunga uliotoka shambani.

Chujio la kwanza liliathiri pia mtindo wa lugha. Mafumbo yanayosifiwa katika nyimbo za dansi yalikuwa sanaa, bila shaka, lakini yalikuwa pia kibali cha kupita. Pale msanii alipoamua kusema waziwazi, mambo yalikuwa tofauti. Remmy Ongala alipotunga "Mambo kwa Soksi", akihimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukiteketeza watu, RTD haikuupiga wimbo huo. Watu waliusikia kwenye kumbi na kwenye kaseti. Leo Remmy, aliyefariki mwaka 2010, hutajwa miongoni mwa wazee wenye busara ambao vijana wanatakiwa kuwaiga.

Redio binafsi ziliporuhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Radio One kuanza kurusha matangazo mwaka uliofuata, chujio hilo lililegea bila kuondoka. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Tofauti ni kwamba zamani wimbo uliokataliwa haukurekodiwa au haukusikika redioni. Siku hizi hufungiwa baada ya kusikika kila kona, na pengine husikika zaidi kwa sababu hiyo.

3.0 Lugha ya Nyimbo

Dai kwamba vijana hawana ushairi linahitaji uangalifu. Nyimbo nyingi za dansi hazikufuata vina wala mizani. Zilikuwa masimulizi marefu: mume anayelalamikia wakwe, mfanyakazi asiyetosheka na mshahara, mke aliyeachwa. Baada ya masimulizi ilifuata sehemu ya chemko, ambapo ala zilichukua nafasi ya maneno. Kinyume chake, wanamuziki wa kufokafoka walioibuka miaka ya 1990, kama vile Kwanza Unit na Mr. II, walivirejesha vina vya mwisho katika kila mstari. Hawakuhesabu mizani kama Shaaban Robert. Mizani yao ni mapigo ya ngoma. Inashangaza kidogo kwamba wahakiki waliomlaumu Kezilahabi kwa kuacha vina katika Kichomi (1974) hawakuwa na mrithi wa kuwapongeza vijana hawa kwa kuvirudia.

Wala kinaya hakikupotea. Katika "Ndio Mzee" (2001), Professor Jay anavaa sauti ya mwanasiasa anayetoa ahadi zisizowezekana huku umati ukiitikia kwa utii. Msikilizaji haambiwi kwamba anadanganywa, anaachiwa agundue. Huo ni ufundi ule ule wa fumbo, isipokuwa mlengwa si mke mwenza tena bali mwomba kura.

Kuhusu kuchanganya lugha, inatosha kukumbusha kwamba bendi ya Salum Abdallah iliitwa Cuban Marimba, na kwamba Orchestra Maquis ilikuja Dar es Salaam na Kilingala chake.

4.0 Kilichopungua

Bendi ya dansi ilihitaji magita ya solo, ridhimu na besi, ngoma, tumba, tarumbeta na saksafoni, pamoja na waimbaji kadhaa. Ilikuwa pia shule. Michael Enoch, aliyevuma kwa gita la solo katika Dar es Salaam Jazz, ndiye aliyekuja kuiongoza Mlimani Park akipuliza saksafoni, na vijana walijifunza kwa kukaa karibu na watu wa aina yake kila siku ya mazoezi, huku mwajiri akigharimia vyombo. Mashirika ya umma yalipoyumba, bendi nazo ziliyumba. Kompyuta ilipoingia studioni, mtayarishaji mmoja alitosha kufanya kazi ya wapigaji kumi. Mtunzi wa maneno hakupoteza kitu katika mabadiliko hayo, na huenda alifaidika. Aliyepoteza ni mpiga ala.

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) hufundisha muziki, lakini haiwezi kujaza pengo la bendi zilizokuwa zikifanya mazoezi karibu kila mtaa wa burudani. Matokeo yake husikika katika baa zile zile za Segerea: bendi inapopiga zilipendwa, mara nyingi sehemu ya tarumbeta hupigwa kwa kinanda.