KAHAWA YETU VIKOMBENI MWETU: NJIA ZA KUIPIKA NA FAIDA YA KUIONJA



Katika kazi yangu ya ukaguzi nimeingia nyumba nyingi za wakulima wa kahawa, na karibu kila nyumba nimekaribishwa kwa chai. Si jambo la aibu, maana chai nayo ni zao la nchi yetu. Lakini mkulima asiyeijua ladha ya kahawa yake ni kama mpishi asiyeonja mchuzi: wageni wakilalamika, hajui kama kilichozidi ni chumvi au ni moto.

Msimu mmoja nilitumwa kwenye chama cha msingi kilichokuwa na mzozo. Shehena yao ilikuwa imeshushwa daraja kwa maelezo kwamba ina ladha ya kuvunda, nao wanachama walishikilia kwamba wameibiwa. Ghalani palikuwa pamebaki gunia moja la shehena hiyo. Niliomba kiasi kidogo, pamoja na kahawa ya mwanachama mmoja aliyemenya na kuosha nyumbani kwake. Tulizikoboa, tukazikaanga, tukazipika kwa namna moja mbele ya mkutano. Mzee wa kwanza kuonja kikombe cha chama alikitua mezani akasema, “Hii ina uchachu wa togwa iliyolala.” Ndipo mwangalizi wa mtambo alipoeleza kwamba pampu ya maji iliharibika, na kahawa ikakaa tangini siku mbili baada ya ute kwisha kuachia. Fedha iliyopotea haikurudi, lakini tuhuma za wizi zilikwisha siku ile.

Kwa hiyo yafaa kila mwanachama ajue kuipika kahawa yake. Kwanza itwange polepole kinuni ili maganda yatoke, kisha uipepete. Ikaange katika kikaango kizito au chungu, kwa moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Baada ya muda utasikia punje zikipasuka. Zikifikia rangi ya hudhurungi, epua, uzitandaze unguni zipoe upesi. Ukiziacha mpaka ziwe nyeusi na kutoa mafuta, utakachoonja ni moto wala si kahawa.

Njia za kupika ni nyingi, nazo kila moja ina tabia yake.

(a) Sufuria. Chemsha maji, tia unga wa kahawa, ukoroge, na mara povu linapopanda epua. Funika dakika chache ili mashapo yatue, kisha mimina taratibu. Kosa la wengi ni kuiacha itokote kwa muda mrefu, nayo ikawa chungu.

(b) Dele. Hili ni birika la shaba la ndugu zetu wa pwani, linalokaa juu ya makaa. Unga huwa laini, na mara nyingi hutiwa tangawizi au iliki. Kahawa hunywewa katika vikombe vidogo, bila maziwa, pamoja na kashata. Ni kinywaji kizuri cha barazani, lakini viungo huficha kasoro za kahawa.

(c) Kuchuja. Maji ya moto humiminwa polepole juu ya unga uliowekwa katika kitambaa safi cha pamba. Kitambaa hicho kisifuliwe kwa sabuni. Chujio la karatasi lilibuniwa mwaka 1908 na mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, aliyechoshwa na mashapo kikombeni. Njia hii hutoa kahawa nyepesi na angavu.

(d) Chombo cha kubana. Unga wa chembe kubwa hulowekwa dakika 4, kisha chujio la chuma husukumwa chini. Kahawa yake huwa nzito kuliko ya karatasi, kwa kuwa mafuta hubaki.

Kwa kuchuja na kubana, kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Maji yakishachemka, yaache yapumue kidogo kabla ya kuyamimina.

Lakini ukitaka kuikagua kahawa, usihitaji chombo chochote ila bilauri. Tia unga, mimina maji ya moto, ngoja dakika 4. Vunja utando wa juu kwa kijiko huku ukinusa, ondoa povu, na ikipoa kidogo onja bila sukari. Uchachu wa kuoza huonyesha kwamba kahawa imekaa mno tangini. Harufu ya ukungu au udongo hutokana na kuanikwa vibaya au ghala lenye unyevu. Harufu ya moshi hutokana na kuiweka karibu na jiko. Ladha ya majani mabichi ni dalili kwamba matunda yamechumwa kabla ya kuiva.

Waonjaji wa Bodi ya Kahawa hufanya kazi hii kwa ujuzi mkubwa zaidi, wala sisi hatuwezi kuchukua nafasi yao. Hata hivyo, taarifa yao hutufikia kahawa ikiwa imekwisha kuharibika. Makatibu, wekeni sampuli ndogo ya kila shehena, iandikwe tarehe ya kumenywa na ya kuoshwa, nayo ionjwe na kamati kabla shehena inayofuata haijaingia tangini. Kasoro ikigunduliwa kikombeni kwetu, tuna nafasi ya kuirekebisha. Ikigunduliwa kikombeni kwa mnunuzi, hatuna budi kuilipia.