Damu chooni: Si kila mara ni bawasiri

Katika mtaa wa Kisumu Ndogo mjini Malindi, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Pwani, mtu anayeona damu katika choo kikubwa mara nyingi huwa na jibu tayari: ni bawasiri. Hununua dawa ya kupaka au hutafuta mizizi ya kuchemsha, kisha hunyamaza. Haya humzuia kulitaja jambo hilo hata kwa mwenziwe wa ndoa, sembuse kwa daktari.

Aghalabu jibu hilo huwa sahihi, kwani bawasiri ni maradhi ya kawaida. Hatari ni kwamba saratani ya utumbo mpana nayo huweza kujitokeza kwa dalili iyo hiyo, na hakuna awezaye kutofautisha maradhi haya mawili kwa kuitazama damu peke yake.

Jina la Kisumu Ndogo linapatikana pia Kibra, jijini Nairobi. Aliyekuwa mbunge wa eneo hilo, Ken Okoth, alifariki Julai 26, 2019, akiwa na umri wa miaka 41, kutokana na saratani ya utumbo mpana. Miezi michache kabla, alikuwa amewaeleza Wakenya waziwazi kwamba ugonjwa wake ulikuwa umefikia hatua ya nne, akaenda Ufaransa kutafuta matibabu. Ukweli wake uliwafanya wengi kulitaja kwa mara ya kwanza gonjwa ambalo awali lilizungumzwa kwa kunong'ona.

Kwa miaka mingi maradhi haya yalidhaniwa kuwa ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda, aliandika mnamo 1971 kwamba yalikuwa nadra miongoni mwa Waafrika, akahusisha hali hiyo na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Tangu hapo mambo yamebadilika. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, na vyakula vya kukaangwa, unga uliokobolewa na vinywaji vya sukari vimeenea mijini. Leo saratani hii ni miongoni mwa tano zinazowapata Wakenya kwa wingi. Ulimwenguni, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo mwaka wa 2022, na takriban 900,000 wakafariki.

Hata hivyo, ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Mara nyingi huanzia kwenye kinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa ndani wa utumbo. Vinyama vingi havidhuru. Vichache hugeuka kuwa saratani, nayo huchukua muda mrefu, kwa kawaida miaka 10 hivi. Kinyama kikiondolewa katika kipindi hicho, saratani ambayo ingetokana nacho haitokei.

Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2018 unapendekeza watu wasio na dalili yoyote waanze kupimwa wakiwa na umri wa miaka 45. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua anatakiwa kuanza mapema zaidi.

Kipimo chepesi ni cha choo. Mtu hupewa kichupa, akatia kiasi kidogo cha choo na kukirejesha maabara, ambako hutafutwa damu isiyoonekana kwa macho. Hurudiwa kila mwaka. Damu ikipatikana, haimaanishi kwamba mtu ana saratani. Yamaanisha kwamba utumbo wapaswa kutazamwa. Hapo ndipo kolonoskopi inapohitajika.

Sehemu ngumu ya kolonoskopi ni maandalizi. Siku chache kabla, mtu huacha vyakula vyenye mbegu na nyuzinyuzi, kama maharagwe, mahindi na mboga za majani. Siku ya kuamkia kipimo huishi kwa vinywaji vyepesi tu: maji, chai ya rangi, au supu iliyochujwa. Vinywaji vyekundu huepukwa kwa sababu vyaweza kudhaniwa kuwa damu. Kisha hunywa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe majimaji tu, kwani utumbo mchafu huficha vinyama. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima amweleze daktari mapema.

Kipimo chenyewe huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto na hudungwa dawa ya kumtuliza au kumlaza usingizi. Daktari huingiza mpira mwembamba unaopindika, wenye kamera na taa, kupitia njia ya haja kubwa. Kinyama kikionekana, aghalabu hukatwa papo hapo kwa tanzi la waya na kupelekwa maabara. Madhara makubwa, kama utumbo kutoboka, hutokea kwa nadra sana. Anayefanyiwa huhitaji mtu wa kumsindikiza nyumbani, wala hapaswi kuendesha gari au bodaboda hadi kesho yake. Asipopatikana na kasoro, na ikiwa hana historia ya ugonjwa katika familia, anaweza kukaa miaka 10 kabla ya kurudia.

Kwa mkazi wa Kisumu Ndogo, pa kuanzia ni Hospitali ya Malindi au kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kuelekezwa hospitali yenye kifaa. Kutoka Malindi hadi Mombasa, iliko Hospitali ya Rufaa ya Coast General, ni takriban kilomita 120, kwa hivyo ni busara kupanga nauli na msindikizaji. Ni vyema pia kuuliza mapema Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia nini.

Aliye na dalili hapaswi kungoja miaka 45. Damu chooni, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kukonda bila sababu au upungufu wa damu usioeleweka ni mambo ya kumwona daktari katika umri wowote. Upungufu wa damu hasa hudhaniwa kuwa ni malaria au minyoo, ilhali huenda utumbo unavuja polepole.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Daktari huulizwa habari za choo kila siku na wala hashangai. Iwapo ni bawasiri kweli, mgonjwa atarudi nyumbani na dawa inayofaa na moyo uliotulia.