Shamba Kwanza, Uraia Baadaye

Mwaka 1972 maelfu ya Wahutu walikimbia mauaji katika Burundi, wakaingia Tanzania. Baadaye, huko Mishamo, upande wa Mpanda, kila jamaa ilipewa hekta 5 za msitu. Wakafyeka, wakapanda mahindi, maharagwe na tumbaku. Mashamba yalizaa upesi, bali uraia ulikawia. Hata mtoto aliyezaliwa pale aliitwa mkimbizi, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Nasi twauliza, alikimbia nini, yeye asiyepata kuiona Burundi? Kufika 2010 watu wapata 162,000 walikubaliwa kuwa raia, lakini wengi hawakupewa hati zao hata mwaka 2014. Wengine walizipokea wakiwa na wajukuu.