Mashine Iliyoanzia kwa Pampu ya Samaki

Kila nirudipo likizo, wanafunzi mliobaki shuleni huniuliza: "Kozi yako ni ya udaktari au ya ufundi?" Ni ya ufundi, lakini ufundi unaomhudumia mgonjwa. Huitwa uhandisi wa vifaa tiba, nami nitaueleza kwa kifaa kimoja tu.

Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mapafu yake hayajakomaa. Kila atoapo pumzi, vifuko vidogo vya hewa hunywea, naye hutumia nguvu nyingi kuvifungua tena, mpaka anachoka. Msaada wake ni kumpulizia hewa puani mfululizo, kwa msukumo mdogo, ili vifuko visijifunge. Lakini mashine za kazi hiyo zilikuwa ghali mno kwa hospitali nyingi za Afrika.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani, walipewa tatizo hilo. Wakatwaa pampu mbili za tangi la samaki wa mapambo (msicheke!) wakazitia katika sanduku la plastiki la kuwekea viatu. Na msukumo waupimeje? Hapo ndipo fizikia ya darasani ilipoingia. Ncha ya mpira wa kutolea hewa hutumbukizwa katika chupa ya maji. Ikizama sentimita 6, hewa haitoki mpaka ishinde uzito wa maji ya kina hicho. Kina ndicho kipimo, na mapovu ndiyo ishara kwamba hewa inapita.

Kifaa kikaboreshwa, kikajaribiwa katika Queen Elizabeth Central Hospital, Blantyre, Malawi. Matokeo yalichapwa mwaka 2014: kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua, walionusurika kwa kifaa hicho walikuwa 71 katika kila 100, kwa oksijeni ya kawaida, 44.

Mimi nilidhani kazi yetu ni kubuni tu. Mwaka wa kwanza tulipelekwa katika hospitali moja, tukaonyeshwa ghalani mashine nzuri ya msaada. Ilikuwa ya volti 110, na umeme wetu ni 240. Ilichomekwa siku ya kwanza, ikaungua, ikafunikwa shuka. Muuguzi akaniambia, "Mwanangu, wangetuuliza kwanza." Nikatambua kwa nini mwalimu alitukataza kuchora chochote kabla ya kukaa wodini kutwa nzima, tukitazama mikono ya wauguzi.

Anayetaka kuonja kozi hii na achukue mrija na chupa ya maji. Apulize mrija ukiwa umezama sentimita 2, kisha 10. Mashavu yatamwambia tofauti.