Faharasa za Hifadhidata na Tatizo la Viambishi Awali vya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kufafanua kwa nini hifadhidata ya maneno ya Kiswahili, hata ikiwekewa faharasa, yaweza kutafutwa polepole kana kwamba haina faharasa yoyote.

Faharasa iliyoenea zaidi ni ile ya mti wa B, iliyobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake maneno hupangwa kialfabeti katika kurasa, na kila ukurasa huelekeza kwenye kurasa za chini yake. Ukurasa mmoja ukibeba vielekezi 100, ngazi tatu zatosha kulifikia neno lolote kati ya maneno 1,000,000. Lakini mpango huu humtaka mtafutaji ajue herufi za mwanzo. Anayetafuta maneno yaanzayo na pik- hupelekwa moja kwa moja penye pika, pikia na pikwa. Anayetafuta pik popote ndani ya neno, ili apate alipika na wamepikiwa, huilazimisha kompyuta kusoma maneno yote, kwa kuwa alipika limepangwa penye a na wamepikiwa penye w. Kwa lugha yenye viambishi awali vingi kama yetu, hasara hii si ndogo.

Zipo faharasa za herufi tatutatu, zinazolikata neno vipandevipande (ali, lip, ipi, pik, ika), nazo huharakisha utafutaji wa katikati ya neno. Hata hivyo, kwa mwanaisimu hazitoshelezi: mpishi na mapishi hayatapatikana, maana k ya mzizi imegeuka sh. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya 1939, aliweka maneno mengi ya mnyambuliko chini ya vitenzi vyake. Hifadhidata nayo yafaa iwe na safu ya pekee ya mzizi, na faharasa ijengwe juu ya safu hiyo.

Mpangilio wa safu nao una uzito wake. Faharasa ya pamoja iliyoanza na ngeli, kisha mzizi, haimsaidii sana anayeuliza mzizi peke yake. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa jina lake katika orodha iliyopangwa kwa ukoo. Na anayeuliza nomino zote asishangae programu ikiipuuza faharasa: sehemu kubwa ya jedwali ikihitajika, kulisoma lote mfululizo ni nafuu zaidi.